Paka Aliyeitwa Ssebo

"Mmm."

Lubega aliisikia akiwa bado uani, anapapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na tulivu, ya mtu aliyekwisha kuvua viatu. Ikafuata ya mkewe, Flavia.

"Pole na kazi, ssebo."

"Mmm. Nawe pole. Nyumbani mko salama?"

"Tuko salama, ssebo."

"Mmm."

Wivu ukamwaka. Ssebo ndilo jina la heshima ambalo mke wa Kiganda humpa mumewe anapompigia magoti kumsalimu, na Lubega hakukumbuka ni lini aliitwa hivyo mara ya mwisho. Alipousukuma mlango alikuwa ameshachagua pa kumpiga huyo mtu.

Ndani hapakuwa na mtu. Flavia alikuwa amepiga magoti mkekani, na mbele yake, kwenye kiti, ameketi paka wao wa madoa. Paka alimuuliza kama mgongo umepoa. Flavia akasema umepoa kidogo. Paka akaguna, kisha akaanza kujilamba mguu.

"Tangu lini anaongea?" Lubega akauliza.

"Haongei. Anajibu salamu tu," Flavia akasema akiinuka. "Tangu ulipoacha kujibu wewe."

Kilichomchoma Lubega ni ile sauti. Aliitambua. Ilikuwa yake mwenyewe, aliyokuwa nayo walipopanga chumba Nateete, Kampala, kabla hawajahamia Juba na kufungua duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa Hai Jalaba. Siku zile Flavia akimsalimu, aliweka chini alichoshika, akajibu mpaka salamu ikaisha, na salamu ya Kiganda haiishi upesi. Siku hizi aliingia na simu sikioni, akampita mkewe pale mkekani kama anavyolipita jiko. Mgoni wa kawaida unaweza kumvunja mguu. Mgoni mwenye sauti yako utamshtaki kwa nani?

Majirani walikuwa wanajua. Scovia muuza chai, aliyekulia ukimbizini Uganda, alimwambia mlangoni bila kuficha: "Kadis yenu, huyu paka, iko na adabu. Mimi nikipita, yeye anauliza watoto. Wewe unauliza kama sukari iko."

"Paka hana duka la kuangalia, mama."

"Kweli. Na wewe huna mkia."

Krismasi ilikuwa imekaribia, na kwa mara ya kwanza tangu waje Juba walikuwa wanakwenda likizo: basi hadi Nimule mpakani, kisha Kampala, kisha Masaka kwa mama yake Lubega. Flavia akaweka kapu la paka kando ya begi lake.

"Huyo anabaki," Lubega akasema. "Scovia atamlisha."

"Akibaki, nabaki naye."

"Nimwambie nini mama?"

"Mwambie nimebaki na anayenijibu."

Lubega akapima, akaona pande zote ni shimo. Paka akienda, mama, aliyemfundisha mwanawe kujibu salamu kabla hajamfundisha kufunga vifungo, angeisikia sauti ya mwanawe ikitoka kapuni. Paka akibaki, angefika kwa mama bila mke. Na juu ya hayo kulikuwa na wivu, ambao haupimi kitu: kila paka alipoguna, Flavia alitabasamu tabasamu ambalo Lubega alidhani limebaki Nateete.

Kesho yake, Flavia akiwa sokoni, alimtia paka katika gunia na kumpeleka bandarini. Barnabas, aliyefanya kazi kwenye tishari la mizigo liendalo Bor kwa Mto Nile, alikuwa analalamikia panya kila alipokuja dukani. Alimpokea paka kwa mikono miwili.

Jioni Lubega aliwahi kuketi, simu ameizima. Flavia akaingia, akatazama huku na huku, akapiga magoti.

"Pole na kazi," akasema. Hakuongeza neno.

Lubega akafungua mdomo. Mchana kutwa alikuwa amebishana juu ya bei ya cheni za pikipiki na sauti haikumtupa. Sasa ulitoka upepo tu. Akajaribu tena, ukatoka upepo. Sauti ya salamu ilikuwa imepanda tishari. Flavia alimngoja kwa adabu, kama mtu anavyomngoja mwenye kigugumizi, kisha akainuka, akatoa nguo zake begini na kuzirudisha kabatini moja moja.

Kulipokucha Lubega alikuwa bandarini. Tishari lilikuwa bado limefungwa, likisubiri dizeli, na Barnabas alikuwa na macho mekundu.

"Chukua," akasema. "Mimi nilitaka yeye ashike panya. Yeye iko anauliza kila mtu habari ya nyumbani. Mwenzangu Majak amelia. Nahodha amelia, sasa anataka kurudi kwa mama yake. Na panya wako wote."

Nyumbani, Flavia alimpokea paka, akampangusa vumbi la gunia.

"Mwombe akufundishe upya," alimwambia mumewe. "Hana kiburi huyu. Keti naye mkekani siku moja tu."

"Mimi nifundishwe na paka?"

Simu ikalia. Alikuwa mteja anayetaka tairi. Lubega akamgeuzia mkewe mgongo ili asikie vizuri, na nyuma yake Flavia akapiga magoti, akawakaribisha wote wawili. Paka ndiye aliyejibu kwamba wamerudi salama. Flavia akaenda kabatini kuzitoa nguo.

Siku ya safari Flavia alitangulia kupanda basi, akamwachia Lubega kapu. Abiria wengine walipita, wakamsalimu paka, wakajibiwa, wakatafuta viti vyao. Kupitia dirisha Lubega alimwona mkewe amejitandia khanga mpya, anatazama chini, kapuni, si kwake. Wivu ukapanda, ukashuka, ukakaa mahali pake pa kila siku. Akainama, akafungua kifuniko, akasema kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia:

"Sikiliza, ssebo. Tukifika, mama akinisalimia, jibu wewe, mimi nitachezesha midomo. Na mke wangu akipiga magoti, jibu wewe. Nami nakuahidi, mbele ya watu hawa: sitakudai kamwe unirudishie sauti yangu."