Rangi Chini ya Skrubu

Nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya buti la gari, miguu nje, kichwa katikati ya spika mbili, jasho likiniingia machoni. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wakibishana juu ya amplifaya kana kwamba mimi ni mzigo.

"Leo mara ya tatu nairudisha," alisema mwenye gari. "Nikiongeza sauti tu, taa nyekundu, kimya!"

"Mashine imechoka," alijibu mjomba. "Hata binadamu huchoka."

Mjomba ndiye mwenye karakana, na ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Yote ninayoyajua kuhusu nyaya amenifundisha yeye. Sasa nimepata kazi kwingine, natakiwa nijibu leo kabla ya saa kumi, na yeye kaning'ang'ania kama kupe. Asubuhi akatoa sharti: "Tengeneza kilichonishinda mimi, uende na baraka zangu." Alijua siondoki bila baraka. Mzee mjanja huyu!

Basi nikapima. Betri ilikuwa na volti kumi na mbili na ushee, lakini kwenye amplifaya, sauti ikipanda, zinaporomoka hadi tisa. Fyuzi nzima, waya mwekundu mzima. Nikaufuata ule mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, nikafungua skrubu yake. Chini kulikuwa na rangi tupu, haijakwanguliwa hata kidogo, na kwenye rangi umeme unapita kwa tabu. Mwaka wangu wa kwanza mjomba alinipiga kikofi kwa kosa hilohilo. Na waya huu aliufunga yeye.

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Mjomba hasahau kitu kama hicho, rangi hakuiona. Nikakumbuka siku hizi anavyosogeza karatasi hadi puani, anavyopapasa bisibisi iliyo mbele yake. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya mteja. Nikinyamaza, nimeifunga njia yangu mwenyewe.

Nikachukua msasa, nikakwangua taratibu, nikakaza waya. "Mjomba," nikapaza sauti, "ile skrubu uliyoniambia niikaze ilikuwa imelegea kweli."

Mwenye gari akafungulia muziki mpaka vioo vikatetemeka. Taa nyekundu haikuwaka. "Mzee, wewe kiboko!" Akampa mkono, akaondoka.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mjomba alikuwa akifuta meza isiyo na vumbi.

"Nimesikia msasa," alisema. "Skrubu haikazwi kwa msasa."

"Mjomba..."

"Ahadi ni ahadi. Baraka zangu unazo, mwanangu. Nenda." Akanyoosha mkono anishike kichwa, akanikosa, akashika hewa.

Nikainama, nikauchukua mkono wake nikauweka kichwani pangu, nikazipokea baraka zote. Kisha nikatoka nje kuwapigia simu wale wa kazi mpya, niwaambie sitakuja.