Kitufe cha Kijivu

Kazi ya Idil Mumin ilikuwa kutazama. Kampuni iliyotengeneza programu mpya ya zahanati ilimtuma mtaa wa Kware akae nyuma ya wauguzi, apime kila hatua inawachukua muda gani, na aandike wanapokwama. Kanuni ilikuwa moja: usimsaidie unayempima. Ukimwonyesha njia, hutajua kama angeiona mwenyewe.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mlango wa zahanati ulifunguliwa kwa teke. Mwanamume aliingia amembeba nduguye mgongoni, damu imemlowesha shati hadi viatu.

"Sista, wamemkata! Wamemkata juu ya maji!"

Mwenye kubeba aliitwa Bedan. Aliyekatwa alikuwa Wahome, mlinzi wa ploti ya ghorofa saba ya vyumba vya kupanga. Tangi lilikuwa karibu kukauka, akafunga mfereji, na wapangaji wawili wakamfuata na panga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia kwa ngozi. Shingoni palikuwa na mpasuko uliofunguka kila alipovuta pumzi.

Nerima, muuguzi pekee wa zamu, hakupiga kelele. Alimlaza Wahome sakafuni, akamfunga mkono kwa mpira, akaukaza.

"Bonyeza hapa shingoni. Usiachilie," alimwambia Bedan, kisha akakimbilia kompyuta. Tangu programu ije, ambulensi haikuitwa tena kwa simu. Ombi lilipitia huko.

Programu ikataka nambari ya kitambulisho.

"Kitambulisho chake ni nambari gani?"

"Sijui! Kiko kwa nyumba!"

Nerima akaandika sifuri mara nane. Maandishi mekundu yakatokea: nambari si sahihi. Akaandika nambari yake mwenyewe. Programu ikasema mgonjwa huyu ni mwanamke, thibitisha. Akathibitisha. Ukurasa ukajifunga, ukaanza upya.

Idil alikuwa hatua mbili nyuma yake, na alijua. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kitufe kidogo cha kijivu cha dharura, ambacho hakikudai kitambulisho. Ndicho hasa alichotumwa kukipima: je, muuguzi atakiona? Kalamu yake iliandika dakika moja. Ikaandika mbili. Tatu.

Bedan alitazama damu ikipenya katikati ya vidole vyake. "Ndugu yangu anakufa na wewe unaandika?"

"Bonyeza shingo, kaka!" Nerima alisema bila kugeuka.

Hakubonyeza. Aliinuka, akang'oa chuma cha kutundikia dripu. Pigo la kwanza lilivunja kabati la dawa, vioo vikamwagika. La pili lilimpata Nerima mkononi, na Idil akausikia mfupa ukilia. Nerima alianguka juu ya kiti akipiga mayowe. Bedan akainua chuma mara ya tatu, sasa akiilenga kompyuta.

Idil alijirusha mbele. Chuma kilimshukia begani, akapiga magoti, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye kipanya.

"Kuna kitufe! Ngoja, kuna kitufe!"

Akaushusha ukurasa hadi chini, akabonyeza. Ombi likakubaliwa hapo hapo.

"Inakuja! Rudi kwa ndugu yako!"

Bedan alitupa chuma, akarudi sakafuni, akalia huku ameshika shingo ya nduguye.

Wahome alipona, bila mkono wa kushoto. Bedan aliwekwa ndani kwa kumvunja muuguzi mkono. Mmoja wa wale wapangaji alishikwa na umati siku hiyo hiyo, akapigwa mawe hadi akafa.

Idil aliandika ripoti: dakika nne, na kwamba yeye mwenyewe alijua akanyamaza. Mkubwa wake, Willis, alimpigia simu.

"Hiyo sentensi ya mwisho itoe."

"Siitoi."

Kisha akaenda mtaa wa Fedha, nyumbani kwa Nerima. Alimkuta mkono uko kwenye plasta. Hakukaa.

"Sista, ile njia nilikuwa naijua tangu mwanzo."

Nerima aliinuka. Akamzaba kofi kwa mkono mzima, kofi lililomyumbisha Idil hadi ukutani.

"Hilo ni la mkono wangu," alisema. "La Wahome mpelekee mwenyewe."

Idil alienda hospitali siku hiyo hiyo. Wahome alikuwa ameketi kitandani, akijaribu kuambua yai kwa mkono mmoja. Idil alivuta kiti, akamwambia jina lake, akaanza kueleza.