Zabuni ya Gari la Wagonjwa

Mchana wa siku ya kikao, Nyamizi alisinzia kitini ofisini, akaota kikao chenyewe. Alikuwa diwani na mjumbe wa kamati ya afya ya wilaya, na alasiri hiyo walitakiwa kuchagua kampuni ya kuendesha gari la wagonjwa. Kampuni moja ilikuwa na bei ndogo mno. Fedha ambazo zingebaki zingenunua dawa ambazo zahanati zimeishiwa. Ila haikusema lolote kuhusu Itundu, kijiji cha mbali kupita vyote, ambako mdogo wake, Kabula, alikuwa anakaribia kujifungua.

Ndotoni, mwenyekiti wa kamati ni mizani ya kupimia watoto wachanga. Imevaa miwani, na hakuna anayeshangaa. Inatangaza kwamba, kwa mujibu wa kanuni, zabuni atapewa atakayekuwa chini kuliko wote.

Lutobeka, mwakilishi wa ile kampuni, anavua koti, analikunja vizuri, anapiga magoti na kuanza kuchimba sakafu kwa mikono. Saruji inachimbika kama udongo mwekundu wa shambani. Anazama kiuno, anazama mabega, anaomba radhi kwa vumbi.

Kitanda cha kujifungulia kinaingia kwa miguu yake. Juu yake amelala Kabula, ameshika vyuma, jasho linamtiririka. Ukumbi sasa ni barabara ya Itundu na mvua inanyesha, lakini meza ya kikao ipo palepale. Mizani inakiuliza kitanda kama nacho kitashuka.

"Nikishuka, ataanguka," kinajibu kitanda.

Mizani inasema hilo limesikika.

Nyamizi anainama juu ya shimo, anamwambia Lutobeka alete gari upesi. Kutoka chini kabisa inapanda sauti yenye adabu: kwa bei hii hasikii vizuri. Kabula anamwita dada yake. Nyamizi anapiga kelele shimoni mpaka koo linakauka, na shimo linazidi kwenda chini.

"Mheshimiwa," inasema mizani, "piga kura."

Karani alimwamsha, wenzake walikuwa wanamsubiri. Alinawa uso, akaingia ukumbini. Mwenyekiti, mzee Masanilo, alisoma bei, akasema haoni haja ya mjadala, na akawa wa kwanza kuinua mkono. Wengine wakaanza kumfuata. Nyamizi aliomba nafasi. Alikubali kwamba dawa zinahitajika na bei ni nzuri, ila akasema hataunga mkono mkataba usioitaja Itundu kwa jina. Kisha akamgeukia Lutobeka, aliyekaa mwisho wa meza, nadhifu ndani ya koti lake.

"Mama akizidiwa na uchungu Itundu, akapiga simu, mtamfikia?"

Lutobeka alitabasamu, akainama mbele na kuweka kiganja nyuma ya sikio.

"Samahani, mheshimiwa. Sijakusikia."

Sikio lile lilikuwa limejaa udongo mwekundu, mbichi. Mzee Masanilo, aliyekaa karibu naye, aliutazama udongo ule. Halafu akashusha mkono aliokuwa bado ameuinua.