Kiapo cha Mkono Mtupu

Habibu alipochukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa, mkewe Jenifa hakumzuia. Aliona anastahili. Ni Habibu huyo huyo aliyewakusanya watu wa mtaa wao kule Kizota, mwaka ule korongo lilipofurika likataka kumbeba binti mmoja aliyekuwa anatoka shule. Aliwaomba watu vyuma chakavu, yeye na mafundi wenzake wa karakana wakachomelea kidaraja ambacho ndicho mtaa mzima unachopitia mpaka leo. Alikuwa fundi wa mageti, mtu wa maneno machache, na alipofungua kinywa watu walinyamaza wamsikilize.

Ndoa yao waliifunga bomani. Jenifa alikuwa Mgogo wa Buigiri, binti wa Mzee Bartolomayo, Mwanglikana aliyeanza kuimba kwaya kabla hajaota meno ya pili. Habibu alikuwa Mrangi wa Kondoa, na babu yake alikuwa mwalimu wa madrasa. Ndugu wa pande zote mbili walisusia ile ndoa. Wao wawili wakakubaliana kwamba kila mmoja atabaki na dini yake na hatamsumbua mwenzake. Alfajiri Habibu alipoamka kuswali, alikuta Jenifa amemwekea maji ya kutawadhia. Jumapili Jenifa alipovaa kwenda kanisani, Habibu ndiye aliyebandika chai. Hivyo ndivyo walivyoishi, na wala hawakuona kama wanafanya jambo la ajabu.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hawakuwahi kulizungumza na mtu. Mtoto wao wa kwanza, ambaye hawakujaliwa mwingine baada yake, walimwita Daudi kwa sababu ni jina ambalo kila upande ungeweza kulitamka bila kununa. Alifariki hata arobaini hajatimiza. Maiti ikiwa bado hospitali, wajomba na mashangazi wakaanza kugombana nje: hawa wanataka sanda na sheikh, wale wanataka jeneza na mchungaji. Habibu aliwaacha, akaingia ndani, akamchukua mwanawe, akatokea mlango wa nyuma pamoja na mkewe. Walimzika pembezoni mwa shamba la Mzee Bartolomayo kule Buigiri, wao wawili na mzee mwenyewe tu. Habibu alisoma dua kwa sauti ya chini, Jenifa akaitikia amina. Jenifa akasali Baba Yetu, Habibu naye akaitikia. Halafu wakarudi mjini, na tangu siku ile hawakumtaja Daudi mbele ya mtu yeyote. Majirani waliohamia baadaye walidhani hawakuwahi kupata mtoto.

Sasa ikawa kampeni. Mpinzani wa Habibu alikuwa Mzee Nathanaeli, karani mstaafu na mzee wa kanisa analosali Jenifa. Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa mpira, na Habibu alijiandaa vizuri. Alizungumzia korongo, taa za barabarani, na maji yanayotoka siku moja yakakatika siku mbili. Alipomaliza, mama mmoja alisimama, akajifunga khanga vizuri, akauliza, "Baba, hayo ya korongo tumeyaelewa. Sisi tunataka kujua, nyumbani kwako mnaabudu wapi?"

Watu walicheka, lakini kila mtu alitega sikio.

"Mimi ni Mwislamu," Habibu alijibu. "Mke wangu ni Mkristo. Korongo halichagui dini."

Jenifa, aliyekaa pamoja na wanawake kwenye mkeka, alimwona mumewe amekuwa mrefu kuliko siku zote. Lakini hakuna aliyepiga makofi. Upande wa kulia, kwa Wakristo, walianza kunong'ona kwamba huyu si wetu. Upande wa kushoto wakanong'ona vilevile: Mwislamu gani huyu, ameoa na kushindwa hata kumsilimisha mkewe?

Jioni ile Cornel, kijana aliyekuwa akimsimamia Habibu kampeni, alikuja nyumbani akakaa kwenye kochi bila kuvua kofia.

"Kaka, leo umejimaliza," alisema. "Wakristo wana mtu wao. Waislamu wanakuona nusu. Ukiendelea hivi, hata mimi sijui kama nitakupigia kura."

"Nimesema ukweli," Habibu alijibu.

"Ukweli sijaukataa. Ila watu wanataka kuona kuna njia unaifuata. Wape kitu cha kushika."

Jenifa alikuwa anakunja sare za shule alizokuwa ameshona. Alimtazama mumewe, akitarajia atamfukuza huyo kijana. Habibu alikwangua rangi iliyogandia kwenye kucha.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Habibu alikuwa anatoka kwenda kwenye vikao vya ndani, nyumba hii na ile, na alirudi akiwa mchangamfu. Watu ambao hawakuwa wakimsalimia Jenifa walianza kumsalimia. Alifurahi, akadhani hatimaye wamelielewa lile la korongo.

Siku moja mchana Anitha, mwenzake wa kwaya, aliingia kwenye chumba chake cha kushonea, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, Mama Daudi," alisema.

Jenifa aliacha kukanyaga cherehani. Hilo jina hajawahi kuitwa na mtu. Hata leba hakukuwa na aliyewahi kumwita hivyo, maana walimwita kwa jina la baba yake.

"Umesemaje?"

"Pole, mwenzangu. Tumekaa na wewe miaka yote hii hatukujua kama umebeba jambo zito hivyo. Jumapili mumeo alikuja pale kwangu, tulipokuwa na kikao cha akina mama. Ametusimulia, tukalia wote. Kwamba mtoto mlimzika kwa sala zetu, yeye mwenyewe akaitikia amina, na toka siku ile moyo wake uko kanisani. Anasubiri wakati tu, kwa sababu ya mama yake kule Kondoa." Anitha alishusha sauti. "Usiwe na wasiwasi, hatumwambii mtu. Kura zetu mnazo."

Jenifa alimshukuru. Anitha alipoondoka, alifunga mlango, akakaa kwenye sakafu ya saruji.

Kisha alikwenda kwa wifi yake Zaitun, aliyekuwa na kibanda cha kuuza mafuta ya alizeti upande wa pili wa barabara. Zaitun ndiye ndugu pekee wa Habibu aliyekuwa akiwatembelea tangu mwanzo. Jenifa hata hakumaliza kusalimia.

"Wifi, Habibu amewahi kukutajia Daudi?"

Uso wa Zaitun uling'aa. "Kumbe na wewe umeamua kulisema? Alhamdulillahi. Ijumaa baada ya swala alikuwa nyumbani kwa Mzee Mbwana, wazee wote wapo. Akaeleza alivyomwosha mtoto kwa mikono yake, akamsomea dua, na wewe ukaitikia amina. Kwamba siku ile ulimwambia utasilimu, unangoja tu baba yako Mzee Bartolomayo apumzike ili usimvunje moyo. Wazee walimfurahia sana. Mimi nilijisikia vibaya kwamba ulinificha, lakini nimekusamehe."

Jenifa alisimama pale akiangalia madumu ya mafuta yaliyopangwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Habibu hakutunga yote. Dua aliisoma kweli. Sala aliiitikia kweli. Alichofanya ni kuchukua yale machozi yao, akayapasua katikati, akawapa hawa kipande na wale kipande, kila upande ukaondoka ukiamini umepewa kizima.

Alimsubiri uani, jua likiwa bado halijazama. Habibu aliingia akisukuma baiskeli, akaona uso wake, akajua.

"Nani amekwambia?"

"Wote wamenipa pole, Habibu. Nimebaki mimi tu kujipa."

Aliegemeza baiskeli ukutani. "Jeni, sikusema uongo."

"Umewaambia nitasilimu baba yangu akishakufa. Huo nao ni ukweli? Mzee yule ndiye aliyekuchimbia kaburi la mwanao."

"Hayo ni maneno ya kampeni. Yataisha."

"Ungewaambia unavyotaka kuhusu wewe. Hata kuhusu mimi. Daudi alikuwa hana kura."

Habibu alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa. "Wewe uliona pale uwanjani. Niliwaambia ukweli ulionyooka. Wakanitazama kama mgonjwa. Daraja lile wanapita kila siku, hawajaniuliza niliswali wapi nilipokuwa nalichomelea. Nikiomba kura ndiyo wanauliza. Sasa nifanyeje? Nimwachie Nathanaeli mtaa, mtu ambaye hajawahi kushika koleo, kwa sababu tu anajua nyimbo?"

Jenifa alimchukia kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli. Aliingia ndani akaendelea na kazi. Siku ya kura alipanga foleni kama wengine. Alimpigia mumewe, maana ni kweli alikuwa bora kuliko yule mwingine, na alipotumbukiza karatasi alijisikia kama amemtumbukiza mtu kaburini.

Habibu alishinda. Wakristo wachache na Waislamu karibu wote, wakatosha. Usiku wa matokeo uliisha, zikaja siku za pongezi, watu wakimwita Mheshimiwa kwa utani. Halafu ikafika taarifa ya kuapishwa, na hapo ndipo mtaa ulipoamka upya. Maana mbele ya hakimu mtu anashika kitabu. Anitha na wenzake walishona sare ya kitenge kwenda kumwona Habibu akishika Biblia. Zaitun alivaa hijabu mpya, akawapigia ndugu simu Kondoa kuwaambia wangojee picha. Kila upande ulikuwa na uhakika.

Walikusanywa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, wenyeviti wa mitaa mingi kwa pamoja. Hakimu, mama mwenye miwani, alitaka kwenda haraka. Aliwaomba Waislamu wasogee kulia, Wakristo wasogee kushoto, wakagawiwa vitabu. Jenifa alikuwa kiti cha nyuma. Alimwona mumewe amesimama katikati, peke yake, watu wanampita huku na huku kama jiwe kwenye maji.

"Wewe baba, upande gani?" hakimu aliuliza.

Habibu alisema kitu ambacho Jenifa hakukisikia.

"Ongea kwa sauti."

"Mimi nitathibitisha bila kitabu, mheshimiwa."

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Huna dini?"

Jenifa alijikuta anaomba, naye hakujua anamwomba Mungu kwa namna ya nani, kwamba mwanamume yule anyooshe mkono achukue Kurani. Angeichukua, angemsamehe yote. Wanawake wa kwaya wangemnunia hadi mwaka ule uishe, na yeye angebeba.

"Andika hivyo," Habibu alisema.

Alinyoosha mkono wa kulia, mtupu, akayarudia maneno aliyotamkiwa. Mtu ambaye hajawahi kuiacha swala ya alfajiri ipite, hata akiwa na malaria, alithibitishwa mbele ya umati kuwa mtu asiye na dini. Zaitun alijifunika uso kwa ncha ya hijabu, akatoka nje. Anitha aligeuka akamtazama Jenifa kama vile yeye ndiye aliyempokonya kitabu. Cornel peke yake alikuwa anatabasamu. Baadaye, nje ya ukumbi, alimpiga Habibu begani akamwambia amecheza vizuri, hakuna aliyepata na hakuna aliyekosa.

Nyumbani Habibu alisema, kabla hajaulizwa, "Mungu anaujua moyo wangu."

"Anaujua," Jenifa alijibu. "Mimi ndiye nisiyeujua tena."

Kilichofuata hakikuwa na kishindo. Watu walinuna wiki chache, wakasahau. Walihitaji barua za utambulisho, walihitaji mtu wa kuwaamulia migogoro ya mipaka, walihitaji muhuri. Mzee Nathanaeli mwenyewe alikuja na mjukuu wake aliyekuwa anaomba kazi, akakaa kwenye benchi pamoja na Mzee Mbwana, wakazungumza habari za mvua. Hakuna aliyeuliza mwenyekiti anaabudu wapi. Korongo lilijengewa kuta mpaka nusu, na Habibu alikuwa mwenyekiti mzuri, hata wasiompenda walikiri.

Msikitini hakwenda tena. Mwanzoni alisema ana kazi nyingi. Kisha akasema akionekana huko upande mmoja watasema aliwadanganya. Kisha akaacha kusema. Jenifa naye alitoka kwenye kwaya bila kuaga, maana kila aliposimama kuimba alihisi macho ya Anitha mgongoni.

Ijumaa moja, adhana ya adhuhuri ikiwa inasikika, simu ya Habibu iliita mezani. Habibu alikuwa barazani anagonga mihuri, benchi limejaa watu. Jenifa aliona ni mama mkwe wake kutoka Kondoa, akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mko wazima? Huyo mwenzio yuko wapi?"

"Yupo, mama. Tuko wazima."

Mama alikohoa. Alikuwa mwanamke aliyemkataa Jenifa zamani, akaja kumkubali polepole, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Huku wanasema mambo. Mimi sitaki kuwasikia. Nakuuliza wewe, maana wewe hujawahi kunidanganya. Mwanangu anaswali?"

Jenifa alichungulia dirishani. Habibu alikuwa ameinama juu ya karatasi, anamuuliza kijana mmoja jina la balozi wake wa nyumba kumi.

"Anaswali, mama," alisema. "Ametoka sasa hivi kwenda msikitini."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Amina," Jenifa aliitikia, akakata simu, akairudisha pale pale ilipokuwa.