Nusu ya Gari

Ng'ombe walikuwa na kiu, na Akonaay alikuwa analinywesha gari.

Gari lenyewe la udongo, urefu wa ndama, limekaa juu ya ubao ndani ya banda la mahindi pale Balangdalalu. Tena lilikuwa nusu tu, upande wa kushoto, kama lililopasuliwa kwa msumeno toka pua mpaka mkia. Asubuhi na jioni mzee alilivua magunia, akanyunyiza maji, akalifunika tena polepole, kama unavyomfunika mgonjwa.

"Maji nimeyatoa mbali, kichwani," mkewe Fausta alisema akiwa mlangoni. "Ndama analamba ndoo tupu, wewe unanywesha udongo."

"Alisema usikauke."

"Ndiyo. Alisema." Fausta akaondoka. Nguvu za kugombana zilikuwa zimemwishia.

Aliyesema ni Patriki, mtoto wao, fundi bodi za magari kule Katesh. Kunyoosha bodi zilizobonyea hakukumtosha, alitaka kujua zinazaliwaje. Akaona kwenye simu kwamba Wajerumani, kabla ya kukata bati la gari la spoti, hulifinyanga kwanza kwa udongo, wakalikwangua na kulipapasa, maana jicho hudanganywa na rangi, kiganja hakidanganywi. Chumba alichopanga kule Jorodom, chini ya mlima, kilikuwa kidogo, akaja kufinyangia kwa baba yake.

"Mtu mzima na ndevu, unachezea matope!" Akonaay alimcheka. "Na hilo boneti fupi, injini utaiweka mfukoni?"

"Inakaa nyuma, baba. Uzito unakandamiza matairi ya nyuma, yanashika barabara. Halafu paa linashuka moja kwa moja mpaka mkiani, upepo upite bila kukwama. Ila hili paja la nyuma linanishinda. Limevimba tu."

Akonaay akainama kutazama. Magari hayajui, ng'ombe anawajua. "Umefinyanga dume lililoshiba. Dume linalotaka kupigana hushusha kiuno, paja likajikaza hapa." Akabonyeza kwa kidole gumba. Patriki akakwangua hapohapo, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga ukelele.

"Baba! Ungezaliwa Ujerumani wangekuajiri!"

Tangu siku hiyo mzee hakumcheka tena. Udongo walikwenda kuchimba wote wawili.

Nusu ya pili haikuwa ya kufinyanga. "Unasimamisha kioo pale katikati," Patriki alimweleza, "nusu inajiona, unapata gari zima. Ninacho kioo cha kabati kule chumbani, nitakileta Jumapili. Usiache likauke, baba, litapasuka."

Alfajiri ya Jumapili hiyo mlima Hanang uliporomoka. Matope, magogo na mawe vikapita Jorodom. Watu walichimba, wakachimba. Patriki hakuonekana, wala nguo yake, wala kioo.

Wenzao walikwisha kuzika. Fausta naye alitaka katekista aendeshe ibada na msalaba usimame, apate mahali pa kulilia. Akonaay akakataa katakata: asiyeonekana hazikwi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Ndipo akafika Lameck, kaka yake Fausta.

"Shemeji, dada yangu anakwisha. Mwache mtoto apumzike."

"Akirudi akute nimeliacha limepasuka, nitamwambia nini?"

"Basi limalizie wewe!" Lameck alifoka. "Si kimebaki kioo tu?"

Kesho yake mzee alikwenda Katesh, akarudi na kioo kimefungwa ndani ya blanketi. Akajifungia bandani. Akalivua gari magunia, akakisimamisha kioo pale katikati, kama alivyoelekezwa.

Gari likawa zima. Limeinama chini, mapaja yote mawili yamejikaza, dume linalongoja kuinuka. Akonaay akasahau, akageuka kumwambia mtu, "Umeliona?"

Hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya gari, ndani ya kioo, alisimama mzee mmoja mwenye mvi, peke yake, mdomo wazi. Akonaay alimtazama muda mrefu, akingoja labda mwingine atokee begani kwake. Kisha akalipapasa gari kwa kiganja, kuanzia paani hadi mkiani, na pale chini ya mkia akakuta alama za vidole vya Patriki, bado laini kwa yale maji ya kila siku.

Jioni Fausta alileta ndoo, akaitua mlangoni kama kawaida. Magunia yalikuwa yameanikwa kwenye uzio.

"Mpe ndama," Akonaay alisema bila kuinua macho. "Na kesho tumwite katekista."