Mbegu za Eugénie

Kumuuliza mzee kama anataka kufa! Kwetu Fizi ukimuuliza mtu mzima swali hilo, ni kama unamtakia. Nilimwambia hivyo sista Mutesi, nesi wa Base Camp, hapa kambini kwetu wakimbizi, anayetufundisha sisi wa kujitolea kuzungukia wazee. Akaniambia: "Mama Joël, uliza wazi. Swali haiui mutu. Kunyamaza ndio inaua." Basi, nikasema moyoni, huyu si wa kwetu, anajua nini?

Nikaenda kwa baba Anselme. Mkewe, Eugénie, alifia hospitalini Mbarara. Gari la kurudisha maiti lilikosekana, akazikwa hukohuko, na mzee hakufika hata kumtupia udongo. Hakulia. Watu wakamsifu, eti mwanaume kweli. Mwanaume gani! Machozi yasiyotoka yanaozea ndani.

Alinipokea vizuri mno. "Karibu, mama Joël. Kula kwanza." Sahani ya maharagwe, imejaa pomoni. Nikala huku naanza na maswali mepesi. Analala? Analala. Ana maumivu? "Ya uzee tu, mama." Jamani, nilifurahi. Nikajiambia huyu yuko salama, lile swali la mwisho nitaliruka.

Ndipo nikayatazama yale maharagwe. Meupe, yenye madoa mekundu. Hayauzwi soko lolote la hapa. Eugénie aliyavusha kutoka Fizi, amefunga kwenye ncha ya kitenge, na kila msimu alichagua mbegu akazitundika ndani ya kifuko juu ya jiko, kwenye moshi, wadudu wasiziguse. Hata mgao wa chakula ulipokatwa, njaa ikatubana sote, hakuzionja. Nikainua macho juu ya jiko. Kifuko hakikuwepo, umebaki msumari.

Mkulima hali mbegu. Anayekula mbegu ameshajua kwamba mvua haitamkuta. Nikarudisha tonge sahanini.

"Baba Anselme," nikasema, "unataka kufa?"

Yesu wangu, nimelitamka.

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka iwe kesho. Nikasema nipike kwanza mbegu za Eugénie, zisibaki kuoza. Lakini kuzila peke yangu kulinishinda. Ulipobisha hodi, nilifurahi mingi."

Nikamshika mkono. Nikamwambia siondoki, si leo, si usiku. Kwa mkono mwingine nikampigia sista Mutesi simu, akasema anakuja sasa hivi. Mzee hakubisha. Alikuwa anatazama sahani.

"Umebakisha, mama Joël."

Nikala. Nilikula na machozi yangu humohumo, yeye ananitazama mdomoni.

"Iko tamu?"

"Tamu sana, baba."

"Ni mukono yake," akasema, na hapo ndipo akalia. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakasimama mlangoni. Nikamkumbatia, nikalia naye. Aibu ya nini?

Pikipiki ya sista iliposimama nje, mzee akajifuta uso kwa shati. Akageukia tena ile sahani.

"Sasa mvua ikikuja," akaniuliza, "nitapanda nini?"

Na mimi nilikuwa nimeshameza punje ya mwisho.