Bati Juu ya Kabureta

...robo mzunguko tu, usiikaze, skrubu ya kabureta haitaki nguvu, inataka sikio, ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni huyu huyu Marijani, dalali wa mashine, aliyesimama mbele yake na simu mkononi, anangoja kumrekodi, "Fanya haraka bwana Hafidh, dada'ko anasubiri," na kweli Swalha anasubiri, kule nyumbani Cheju na wanawake wenzake, mboga zinawakaukia, wanataka pampu ya maji na hawachukui injini yoyote ya China mpaka wamwone ndugu yao kwenye simu, mkono juu ya mashine, aseme nimeijaribu mwenyewe, ndiyo desturi, uso wa mtu ndiyo dhamana yake, haya, irudishe kidogo, inakohoa, moshi mweusi, mafuta mengi, ipe hewa... hewa inaingilia wapi? Akapapasa, chujio la hewa hakuna, hata pa kulifunga hakuna, kuna bati tu limeifunika kabureta likaungana na ekzosi, ala, kabureta nayo inapashwa moto? "Hilo bati usilitoe!" Marijani kasema upesi, upesi mno, na Hafidh akalitoa, ndani rangi mpya ya bluu haikufika, kuna picha, mtu kavaa koti zito anasukuma mashine inayotema theluji... theluji! Subhanallah, injini kuukuu ya kuondolea theluji, imezeekea kwenye baridi pasipo chembe ya vumbi, ndiyo maana haina chujio, bati ni la kuizuia isigande, ndiyo apelekewe Swalha kwenye vumbi la kiangazi, "Mei wenti, mei wenti," laoban mwenye ghala anacheka mlangoni, hakuna shida, yeye kwake ipo wapi shida, yule si wetu, hatumlaumu, lakini wewe Marijani, tuliolala chumba kimoja miaka minne hapa hapa Shiling, China, tuliokula sahani moja, uliyekesha na mimi ukisoma Yasini siku nilipofiwa na mama nami niko mbali, wewe! Rangi umepaka wewe, kucha zako zina bluu, naziona hizo zimeshika simu, kikulacho ki nguoni mwako, alisema bibi, lakini nani anajipekua nguo kila siku... "Mbona umenuna? Sura yako inaaminika, sema kama ulivyosema ile ya mwaka jana," ile ya mwaka jana, ile nayo ilikuwa ya bluu, nayo ilikuwa na bati, ilikufa wiki ya tatu, na Swalha alipopiga simu kusema imezima Hafidh alimfokea, mdogo kumfokea mkubwa, wenzake wote wanasikia, nyinyi hamjui kutunza vitu, mnaachia vumbi liingie, na Marijani alikuwepo, amejilaza kitanda cha pili, anatikisa kichwa kumuunga mkono, Marijani anayejua, aliniacha nimtukane dada yangu... bisibisi ikageuka robo, mkono umezoea, injini ikatulia, ikanguruma safi, haina hata haya, "Hapo hapo! Narekodi, sema," na Hafidh akaitazama simu, akauondoa mkono juu ya mashine, uso wake leo hautoi dhamana, anamsikia Swalha tu, siku ile, baada ya matusi yote yale, sauti ya chini kabisa, nisamehe mdogo wangu, kosa letu...